Sura ya Sita: Sakafu ya Siku ya Kuhama

Mwenye nyumba anayejenga ili akae mwenyewe huchagua sakafu kwa macho. Anayejenga ili apangishe, bora aichague kwa kufikiria siku moja tu, siku ya mpangaji kuhama. Siku hiyo friji huburutwa kwa sababu waliokuja kusaidia ni wawili na wote wana haraka. Kitanda cha chuma hupitishwa mlangoni kikiwa kimefunguliwa nusu, mtungi wa gesi hutua kwa kishindo, na nje kirikuu kinasubiri huku dereva akipiga honi. Miaka miwili ya kufagia na kudeki haiitesi sakafu kama zile saa mbili. Kisha chumba hubaki kitupu, na kwa kila siku kinapokaa kitupu, anayelipa ni wewe.

Ndiyo maana swali linaloulizwa sana madukani, "Ipi inadumu zaidi?", halitoshi. Hakuna sakafu ambayo wapangaji watano mfululizo wataiacha bila alama. La kuuliza ni hili: ikiharibika mahali pamoja, je, fundi mmoja anaweza kupatengeneza kwa siku moja bila kugusa chumba kizima? Tuseme chumba na sebule Tabata kinakuingizia shilingi 150,000 kwa mwezi. Sakafu inayodai kung'olewa yote, kumwagwa upya na kusubiriwa ikauke kwa wiki tatu imekula zaidi ya shilingi 100,000 za kodi kabla hujanunua hata mfuko mmoja wa saruji. Na kwa desturi ya Dar es Salaam ya kupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, mpangaji anapoondoka wewe huna chochote chake mkononi. Nairobi angalau mwenye nyumba huwa ameshika dipoziti ya mwezi mmoja, ingawa nayo mara nyingi huishia kwenye ugomvi wa nani alivunja nini. Wa Dar es Salaam anabaki na ufa wake na namba ya simu isiyopokelewa.

Kabla ya kuzungumzia vifaa, tuitazame nyumba yenyewe. Nyumba ya Kiswahili, ile ya Magomeni, Temeke, Manzese na Kariakoo ya zamani, ina korido katikati, vyumba viwili au vitatu kila upande, na uani kwa nyuma penye choo, bafu na mahali pa kupikia. Kila chumba kina kaya yake. Chumbani wanatembea watu watatu au wanne, lakini koridoni wanapita wote pamoja na wageni wao, ndoo zao za maji na watoto wao. Majiko ya mkaa huingizwa humo mvua inaponyesha. Pikipiki ya mpangaji wa chumba cha mbele hulala humo kwa kuogopa wezi, na stendi yake hukandamiza sehemu ileile kila usiku huku oili ikidondoka taratibu. Hakuna mahali pengine ndani ya nyumba panapopigwa namna hiyo.

Cha kushangaza, korido ndiyo hupewa mabaki. Wajenzi wengi huanza na vyumba, tena na chumba cha mbele kitakachoonwa na dalali, kisha kilichosalia, pengine marumaru za rangi tatu tofauti, hutupwa koridoni. Mimi ningegeuza mpango. Kama fedha yako inatosha marumaru nzuri za sehemu moja tu, ziweke koridoni na uani, na vyumba uvipige niru safi ya saruji. Dalali atalalamika, lakini yeye akishapata kodi yake ya mwezi mmoja hutamwona tena mpaka chumba kiwe kitupu.

Sasa tushuke chini kabisa, kwenye jamvi la zege. Sakafu nyingi zinazolaumiwa kwamba hazidumu zimeponzwa na kilicho chini yake. Kifusi kilichojazwa ndani ya msingi kinatakiwa kishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kikimwagiwa maji, tabaka baada ya tabaka. Katika nyumba nyingi za kupanga kimejazwa chote mara moja na kushindiliwa kwa miguu ya vibarua. Mwaka wa kwanza hakuna anayejua. Masika mawili yakipita, udongo unakaa, jamvi linabaki likining'inia juu ya uwazi, na ufa unapita kutoka mlangoni hadi dirishani. Hapo hata marumaru za Hispania hazina msaada, zitapasuka kwa kufuata ufa uleule.

Jambo la pili ni unyevu. Msasani, Kigamboni na popote ambapo maji ya ardhini hayako mbali, jamvi lililomwagwa bila karatasi la nailoni chini yake hunyonya maji pamoja na chumvi. Dalili zake zinajulikana: unga mweupe kwenye pembe za chumba, rangi ya ukutani inayobanduka kuanzia chini, harufu ya uvundo kabati linaposogezwa. Nailoni ile ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo katika ujenzi wote, na haiwezekani kuiweka baadaye. Ukinunua nyumba iliyokwisha kujengwa na huna hakika, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike sakafuni kwa solotepu pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikibandua ukakuta matone kwa ndani au saruji imegeuka nyeusi, umepata jibu, na jibu hilo linakukataza kufunika sakafu hiyo kwa kitu chochote kisichopumua.

Hata jamvi zuri lisifunikwe mapema. Kanuni ya wajenzi ni siku moja ya kukauka kwa kila milimita moja ya unene, hadi milimita 50, na hiyo ni pale hewa inapopita vizuri. Katika joto lenye unyevu la Dar, ongeza. Kukauka huku kusichanganywe na kumwagilia. Saruji humwagiwa maji kwa wiki ya kwanza ili ikomae na kushika nguvu, kisha ndipo huachwa ikauke. Fundi anayekuambia kumwagilia ni kupoteza maji ya DAWASA anakuandalia nyufa.

Niru inadharauliwa siku hizi kwa sababu watu wanaihusisha na umaskini, na hilo ni kosa la macho. Sakafu ya saruji iliyopigwa vizuri haichomwi na kaa lililoanguka jikoni, haiogopi kinu, haivimbi mafuriko yakiingia. Majengo mengi ya serikali ya zamani yana sakafu nyekundu za saruji zilizokanyagwa na vizazi vitatu, nazo zinang'aa mpaka leo kwa nta na kitambaa tu. Siri iko mkononi mwa fundi. Tabaka la chini liwe la mchanga mkavu kiasi, saruji moja kwa mchanga mara tatu, na niru yenyewe ipakwe tabaka hilo likiwa bado bichi lakini maji ya juu yameshapotea. Fundi mvivu akiona maji yamepanda juu, hunyunyiza saruji kavu iyanyonye na kusugua na mwiko hapohapo. Inatokea ngozi nzuri, laini, ambayo baada ya miezi michache huanza kumenyuka na kutoa vumbi kila asubuhi. Mpangaji atasema nyumba yako ina vumbi la barabarani.

Ubaya wa niru ni kwamba kiraka chake huonekana. Hata ukitumia saruji ya kiwanda kilekile, rangi haitalingana. Lakini mpangaji wa chumba cha niru karibu kila mara huja na kapeti lake la plastiki, lile linalouzwa kwa mita, na kulitandika kutoka ukuta hadi ukuta. Ni utaratibu mzuri kwa mwenye nyumba, kwani kinachochakaa ni mali ya mpangaji, na akihama anakiviringisha na kuondoka nacho hata kama hakitaenea chumba anachoenda. Usilipie kitu ambacho mpangaji ameshazoea kujilipia.

Tukija kwenye marumaru, hapa ndipo fedha nyingi hutumika na nyingi hupotea. Tangu viwanda vya Mkuranga na Chalinze vianze kuzalisha, na kile cha Kajiado upande wa Kenya, marumaru si bidhaa ya kusubiri meli peke yake, na duka la kawaida la Gerezani lina za ndani, za China na za India zikiwa zimesimamishwa pamoja. Mnunuzi hutazama rangi. Wewe igeuze nyuma. Dondosha tone la maji mgongoni mwake na usubiri. Tone likinyonywa upesi, hiyo ni ya udongo wa kawaida uliochomwa, yenye vinyweleo. Likibaki limekaa juu kama lilivyodondoka, hiyo ni poseleni, ambayo kwa viwango vya kimataifa hunyonya maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Poseleni ni ngumu, na rangi ya mwili wake mara nyingi inakaribiana na ya juu, kwa hiyo ikimeguka kidogo kidonda hakipigi kelele. Ya kawaida ikimeguka huonyesha udongo mwekundu au mweupe chini ya rangi nyembamba ya juu. Usidanganyike ukauziwa marumaru za ukutani kwa ajili ya sakafu eti kwa kuwa zina punguzo. Hizo hunyonya zaidi ya asilimia 10 na hazikutengenezwa kwa kubeba miguu ya kabati.

Kwa zile zenye glezi, yaani ngozi ya juu kama kioo, uliza daraja lake la kuhimili msuguano, linaloanzia 0 hadi 5. Daraja la 3 linatosha chumbani; koridoni na uani tafuta la 4. Watu wa pwani tuna sababu ya ziada ya kulijali hilo. Mchanga unaoingia ndani na kandambili ni chembe za kwatzi, mawe magumu kuliko glezi ya marumaru nyingi, na kila hatua ni msasa unaopita. Marumaru za kung'aa kama kioo hupoteza mng'ao wake njiani, kutoka mlangoni hadi kitandani, na kuacha pembe ziking'aa peke yake. Chagua zisizong'aa sana, zenye madoadoa au michirizi ya kijivu au kahawia. Nyeupe pee humfurahisha mpangaji siku ya kwanza tu.

Lakini kuna jambo wauzaji hawalisemi. Poseleni, kwa kuwa hainyonyi maji, haishikani vizuri na uji wa saruji tupu. Mafundi wengi walijifunza kazi kwa marumaru za kawaida. Waliziloweka kwenye beseni, wakazipaka saruji mgongoni, zikashika barabara. Leo wanafanya vilevile kwa poseleni, na kuloweka kitu kisichonyonya ni ibada tu. "Mama, gundi ni hela ya bure, saruji inashika," fundi atakuambia, na siku hiyo atakuwa sahihi. Mwaka wa pili ndipo utakapozisikia zikilia ukizikanyaga. Nunua gundi ya marumaru, na usimame pale ipakwe kwa mwiko wa meno, ienee mgongo mzima. Ukiona anaweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, msimamishe. Baina ya madonge kuna hewa, na mguu wa kitanda au kitako cha kinu kikitua juu ya hewa, marumaru inapasuka hata iwe ya bei gani. Kabla ya kumlipa fundi, chukua sarafu, piga moja baada ya moja. Iliyoshika hutoa mlio mfupi mzito, isiyoshika hulia kama debe tupu. Hizo zibanduliwe siku hiyohiyo, grauti ikiwa bado haijakomaa.

Acha pia nafasi ya milimita chache ukutani pande zote, itafichwa na skatingi. Marumaru hutanuka kwa joto, na zikibanwa ukuta kwa ukuta siku moja huinuka katikati ya chumba kwa mlio unaowatoa watu ndani. Wapo wanaoita mganga. Kati ya marumaru moja na nyingine acha milimita 2 hadi 3, na grauti iwe ya kijivu au kahawia. Grauti nyeupe kwenye nyumba ya kupanga ni mzaha.

Ukubwa nao una siasa yake. Sentimita 60 kwa 60 ndizo za kisasa, na kwenye sebule kubwa zinapendeza. Lakini zinahitaji sakafu iliyonyooka kabisa, na moja ikivunjika umevunja eneo kubwa. Mimi napendelea 40 kwa 40 kwa vyumba vya kupanga. Hazimsumbui fundi asiye na pima maji ndefu, na mbadala wake ni wa bei ndogo.

Mbao za plastiki za kupachikana, ambazo zimejaa kwenye matangazo ya nyumba za Mikocheni na Masaki, zinastahili kutenganishwa na zile za laminati, maana dukani huwa zimepangwa rafu moja. Laminati ndani yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Deki lenye maji mengi, au bomba lililosahauliwa wazi siku ya mgao wa maji, na kingo zake zinavimba zisirudi tena. Nyumba za kupanga za mji huu, ambako watu hudeki kwa kumwaga maji na kuyasukuma nje kwa mfagio, si mahali pake. Zile za plastiki hazijali maji. Ukizitaka, uliza unene wa tabaka la juu linalokanyagwa: milimita 0.5 kwa nyumba ya kupanga, si 0.3. Kaa la moto bado ni adui yake, na juu ya jamvi lenye unyevu zitafuga uvundo chini kwa chini. Kwa ghorofa ya tatu yenye wapangaji wanaopikia gesi, sina ubishi nazo.

Terazo nitaizungumzia kwa upendo na kisha niiache. Majengo ya Upanga na Kariakoo ya miaka ya 1950 na 1960 yana ngazi na korido za terazo ambazo bado zinahitaji sabuni na maji tu. Ni saruji iliyochanganywa na chengachenga za mawe, ikakatwa viwanja kwa vipande vya shaba au plastiki, kisha ikasagwa kwa mashine mpaka mawe yaonekane. Ukiweza kumudu, kwa korido na ngazi za jengo la wapangaji wengi hakuna kinachoishinda. Ila haipendi ndimu, siki wala asidi ya kusafishia choo, kwa sababu saruji na mawe yale ya chokaa huliwa na asidi na kubaki na madoa yaliyofifia. Kwa nyumba ya vyumba vitano haifai. Mafundi wazuri wamebaki wachache, tope la kusaga huchafua kila kitu, na kiraka kinahitaji mashine irudi.

Kuna pia sakafu za vipande vya muhugu. Mti huo wa misitu ya pwani yetu na wa msitu wa Karura, Nairobi, ulikuwa ukipelekwa hadi Ulaya kwa sababu sakafu yake huhimili mikanyago ya kiwandani. Umekatwa mno. Ukirithi nyumba ya zamani yenye sakafu hiyo, tafadhali usiifunike kwa marumaru. Ipige msasa, ipake vanishi, na uipangishe kwa bei ya juu.

Bafuni na barazani, sahau urembo. Mpangaji anayeoga kwa ndoo na kata humwaga maji sakafuni kote, si kwenye beseni la kuogea. Sakafu iteremke kuelekea tundu la maji kwa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, na marumaru ziwe za mkwaruzo. Ndogo ni bora kuliko kubwa, kwa kuwa grauti nyingi huzuia mguu usiteleze. Baraza la marumaru za kung'aa ni hatari mvua ya kwanza ya vuli inapopiga, na bibi wa mpangaji akivunjika nyonga hapo, hakuna mkataba utakaokupa usingizi.

Hesabu ya kununua iwe hivi. Chumba cha futi 10 kwa 12 ni mita za mraba 11 na kidogo. Boksi la 60 kwa 60 huwa na marumaru 4, yaani mita za mraba 1.44, hivyo kwa kugawanya tu utapata maboksi 8. Ongeza asilimia 10 ya kukatika na kuvunjika, yawe 9. Kisha nunua la ziada kwa kila aina uliyotumia, na siku hiyohiyo soma namba ya rangi iliyopigwa ubavuni mwa boksi, yote yawe na namba moja. Mwaka kesho kiwanda kitakuwa kinatoa jina lilelile kwa weupe mwingine, au kimeacha kabisa kuizalisha, na marumaru moja iliyopasuka itakulazimisha uchague kati ya kiraka kinachochekwa na kung'oa chumba kizima.

Boksi hilo la ziada, pamoja na kifuko cha grauti ya rangi yako, lifunge kwenye stoo ambayo ufunguo wake unao wewe. Likiachwa uani, baada ya mwezi, marumaru moja itakuwa chini ya ndoo ya maji, ya pili imezibia tundu la panya, na zilizobaki mama mmoja amezipanga vizuri kabisa pale anapofulia.